Gauni Lisilo na Uzi

Ulikuwa mwaka ule maji yalipoingia sokoni. Hapana, nadanganya; mwaka wa maji Mama Sabuni alikuwa bado na chumba chake. Ni mwaka uliofuata, walipokwisha kubomoa nyumba za nyuma ya mahakama ili magari yapate pa kuegeshwa.

Mama Sabuni alitufulia nguo mtaa mzima. Ili asichanganye za huyu na za yule, kila nyumba aliipa rangi yake ya uzi, akaushona ndani ya kola. Mimi muuza mkaa nilipewa mweusi. "Ufanane na kazi yako, babu," akasema. Usiku alilala kwenye baraza la duka, na kabla mwenye duka hajafika alikuwa keshalifagia.

Ikaja amri ya mji: asiye na makao ni mzururaji, aondolewe. Asubuhi moja wakamkamata, beseni mkononi.

Mahakamani nilikaa mbele. Hakimu akauliza, "Mama, unakaa wapi?"

"Nalala barazani, mheshimiwa."

"Baraza si makao. Yupo hapa anayekaa naye?"

Chumba kile kilijaa watu wenye nyuzi zake kolani, hata askari aliyemshika mkono. Wote wakainamia viatu vyao. Nikasimama.

"Akae kwangu. Chumba cha mkaa nitakihamisha."

"Ni nani wako?"

"Mfuaji wangu."

"Si umuoe tu, mzee!" askari akasema, watu wakaangua kicheko.

"Huyu?" Mama Sabuni akadakia. "Nitafua mashuka mpaka kiama!"

Hakimu hakucheka. "Mzee, sheria inauliza alikolala jana, si atakakolala kesho. Arudishwe kwao."

Kicheko kikakatika. Mama Sabuni akanyoosha kidole dirishani. "Kwetu ni hapo, mheshimiwa. Pale penye gari jeupe. Ndipo nilipozaliwa."

Hakimu akageuka, akatazama. Akatazama kitambo kirefu, kisha akaita kesi nyingine.

Wakampakia kwenye lori. Furushi la nguo za watu aliloliacha barazani nikalichukua mimi, nikapita nalo mlango hadi mlango, kila uzi kwa mwenyewe. Mwisho likabaki gauni moja, safi, kolani hamna kitu. Lilikuwa lake. Uzi ulikuwa wa wenye nyumba.

Nikalikunja, nikalipeleka kwa karani wa mahakama.

"Mwanangu," nikamwuliza, "lile lori lilimpeleka kwao wapi?"