Papasi Katika Kitanda cha Baba Mkwe

Kaa hapa nikusimulie, wewe unayefunga mizigo ya kuhama, maana najua unachoogopa ni chombo kuvunjika njiani. Mimi niliogopa mdudu. Nataka uelewe kwa nini, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Tulipanga chumba kimoja mjini Sumbawanga, katika nyumba ya udongo ya familia ya Kiislamu yenye duka na lori, na mume wangu alishona nguo barazani mwa duka hilo. Alipopata mahali pake mwenyewe pa kushonea kule Mwimbi, tukaamua kuhama. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeshaonekana hata kwa wapita njia.

Kitanda chetu alikichonga baba mkwe kwa mikono yake, mbao nzito, kimesukwa kwa kanda za ngozi ya ng'ombe. Asubuhi ya kuhama mume wangu alikipindua uani ili akifunge kamba. Katika tundu ambamo mguu huingia ubavuni, akatoka mdudu wa kijivu, bapa, amekunjamana kama mbegu ya mbono iliyokauka. Alitembea polepole, kama mwenye nyumba.

Huyo ndiye papasi. Mchana hujificha katika nyufa. Usiku hutoka kumnyonya aliyelala, akishiba anarudi alikotoka, na wewe huenda usihisi kitu. Homa yake huja, ikaondoka, ukashukuru, halafu ikarudi. Ilikuwa imenishika kabla sijapata mimba, na dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliniambia bila kuficha: mtu mzima hupona, lakini ikimpata mjamzito, mimba mara nyingi huharibika.

"Ni mdudu mmoja tu," mume wangu alisema.

"Papasi haishi peke yake."

"Hiki alikichonga baba. Siwezi kukitupa kama kigae."

"Basi panda lori na kitanda chako. Mimi nitakwenda kwa miguu."

Mama mwenye nyumba alitoka jikoni aliposikia sauti zetu. "Na hapa msiniachie, wanangu. Kesho naingiza mpangaji. Nimwambie nini? Karibu, wenyeji wako wanakungoja kitandani?"

Tukakitoa kando ya njia. Mume wangu alipitisha kiganja juu ya ubao mara moja, kisha akageuka. Nilidhani yamekwisha.

Ndipo akapita mwanamke kutoka kijiji cha Kasense, amejitwika ulezi wa kuuza, mtoto mgongoni.

"Mnakitupa?"

"Kina papasi, dada."

Akacheka. "Kwangu wamejaa! Hao wakija watakuwa wageni, nitawakaribisha. Mimi wameninyonya tangu utotoni, wamenichoka."

"Na huyo mgongoni, wamemchoka?"

Kicheko kilikatika. Alimpapasa mtoto kwa nyuma, akautua mzigo wake. Lakini hakuondoka, na nilimwelewa. Kitanda kama kile hakiokotwi kila siku.

Mama mwenye nyumba akatuazima sufuria lake la pilau. Tulikata kanda zote za ngozi tukazichoma, tukang'oa miguu, tukamwaga maji yanayochemka katika kila tundu. Walitoka wamejikunja, na kila alipotoka mmoja nilijishika tumbo. Tuliendelea mpaka maji yakawa yanatoka matupu. Yule mwanamke akaketi juu ya zile mbao kumngoja mumewe aje wazibebe, nasi tukapanda lori la mwenye nyumba.

Mbele palijaa shehena ya duka, kwa hiyo nilikaa nyuma na mume wangu, juu ya kitu laini. Niliona raha. Tulikuwa tumeshapita mashamba ya mwisho ya mji nilipoinama kutazama nilichokalia.

Lilikuwa godoro letu, gunia lililojazwa maganda ya mahindi. Mume wangu alilipakia mapema, kabla hajakipindua kitanda. Sote tulikuwa tumekodolea mbao macho, hakuna aliyekumbuka tulichokuwa tukilalia juu yake.

Niligonga paa la chumba cha dereva kwa ngumi mbili. Akasimama, akachungulia, nikamwambia godoro lazima tulichome.

"Shemeji, umechoma ngozi, sasa godoro. Mumeo naye akae mbali na moto!"

Kwenye mshono wa gunia papasi walikuwa wamejipanga, na mmoja alikuwa amevimba, mweusi kwa damu. Tuliolilalia tulikuwa wawili tu. Nilimtazama mume wangu, naye akalitazama tumbo langu, na safari hii hakusema ni mdudu mmoja.

Tulilichoma kando ya barabara, na nguo nilizovaa nikazikung'utia palepale. Kule Mwimbi tulilala juu ya mkeka mpya, lakini usingizi sikuupata. Kila jioni nilijigusa paji la uso. Nikihisi joto kidogo la jikoni, nilidhani homa imerudi. Mume wangu akaanza kuamka kabla yangu ili anishike mkono kuona kama una baridi. Tuliishi hivyo mpaka mtoto akazaliwa, akalia, akanyonya.

Usiogope kama nilivyoogopa mimi. Ni kazi ya asubuhi moja tu, na utaiweza. Siku ya kuhama, usipakie kitu chochote kabla hujalishughulikia godoro: litoe juani, mbali na mizigo mingine, fumua mishono yake, mwaga kilichomo ndani ukichome, na gunia ulichemshe.