Dawa Ambayo Hosiana Hakumpaka Baba Yake

Hosiana Maige, mzaliwa wa Samuye, hana makuu. Ukimuuliza anafanya kazi gani, atakujibu "niko maabara," basi. Usidhani anapima malaria! Yuko chuoni Mwanza, anabuni dawa kwenye kompyuta: dawa isiyoua bakteria, bali inayoziba kimeng'enya wanachotumia kuyeyusha nyama ya mtu.

"Ni mbwa mkali yule," humweleza mama yake. "Ukimpiga kila siku anazoea kipigo. Mimi namfunga mdomo tu."

Baba yake, mzee Maige, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita. Mwaka jana jiwe lilimchuna mguu. Akafanya wanavyofanya wenzake machimboni: akanunua rangi mbili dukani, akafungua kile kidonge cha ganda cha kuua bakteria, akamwaga unga wake kwenye kidonda. Leo unga, kesho unga, miezi mitatu. Jamani, mzee huyu! Na binti yake akipiga simu, anaambiwa, "Mzima kabisa, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo mzee alivyomwita binti yake tangu utotoni.

Mwishowe mzee akalazwa. Hosiana alipofika hospitalini, harufu ilimpokea mlangoni. Daktari alikwishasema: bakteria wale wamezigomea dawa zote zilizopimwa, na keshokutwa mguu unakatwa chini ya goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Umeniletea ile dawa yako?"

"Iko kwenye friji Mwanza. Haijawahi kumgusa mtu, baba. Inaweza kukuua."

"Mguu wangu, ruhusa yangu."

Hosiana akalia, kamasi na machozi, mbele ya wagonjwa wote. Lakini alikataa. Mzee akageukia ukutani. Baadaye, binti alipomwomba usaha kidogo akawapime wale bakteria, alijibu bila kugeuka, "Chukua. Wamekula vya kutosha, nao wakafanye kazi."

Mguu ukakatwa.

Mwezi ulipopita Hosiana alikwenda Samuye, alikokuwa anauguzwa baba yake. Njia nzima alijiuliza aseme au afiche. Akasema: kwenye kisahani cha maabara, dawa yake iliwafunga mdomo bakteria wa baba yake. Nyama iliyowekwa humo haikuliwa.

Mzee akauliza:

"Kwa hiyo ungenipaka, ningekuwa na mguu?"

"Sijui, baba. Kisahani si mtu. Sijui kabisa, na kutojua huko kunaniuma."

"Ungesema haikufaa, ningelala vizuri."

"Najua."

"Halafu siku ningejua, nisingekuamini tena." Akamtazama alivyosimama pale mlangoni, mkoba bado begani, kama mgeni. "Sasa umesimama nini? Njoo ukae."

Kitanda kilikuwa chembamba. Mzee akapapasa shuka, pale ulipokuwa ukilala mguu wake.

"Hapa, mayu. Pana nafasi."