Mgongo kwa Mgongo, Kibomet

Siku hizi redio ikisema watu fulani wamezungumza ana kwa ana, inamaanisha wametazamana. Mimi nakataa. Mazungumzo yangu makubwa ya ana kwa ana, mtu mwenyewe sikumwona.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati wa kuvuna. Binti yangu alikuwa ameolewa Kibomet, hapo Kitale. Mimba mbili zikamtoka, akarudi kwangu Matulo. Mume hakuja. Wakaja wajumbe. Wa kwanza akasema, "Mume anasema apumzike." Wa pili akasema ati mume amechoka. Wa tatu, mjomba wa huyo mume, alikunywa chai yangu, akaniuliza kama wale ng'ombe wa mahari bado wako hai. Binti yangu alisikia akiwa jikoni. Kuanzia hapo akaacha kula.

Nikafunga kitambaa, nikaenda Kitale.

Sasa, kwetu mama hatazamani na mume wa binti yake mpaka zitolewe zawadi za kuondoa haya, na zetu zilikuwa bado. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Nikalala kwa jirani yao, mwanamke wa kanisa letu, naye akampelekea mkwe wangu habari kwamba nitamngoja ghalani kwao. Asubuhi nikasimama nyuma ya ghala la mahindi, mgongo kwenye fito. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka miguu yangu sikuiona. Nilikuwa kama mtu anayeota amesimama. Mahindi yalinukia utamu. Upande wa pili mtu akakohoa, fito zikalia kidogo: naye ameegemea.

"Mama, umelala aje?"

"Sikuja kulala. Unamtaka mwanangu ama humtaki? Nijibu wewe. Mjomba wako nimeshamsikia."

Punje zikadondoka mahali, moja moja.

"Namtaka."

"Si ungekuja basi?"

"Nikuje niseme nini, mama? Kila mara nilimwambia itakuwa sawa. Haikuwa sawa."

"Nani alikutuma uahidi? Wewe ni Mungu?"

Akacheka, kisha kile kicheko kikavunjika. Nilikisikia kikipita kwenye fito mpaka mgongoni mwangu. Sikugeuka. Nilingoja amalize, kama mtu anayengoja mvua.

"Mwambie nakuja Jumamosi," akasema.

"Simwambii. Mimi si mjumbe. Kuja mwenyewe."

Alikuja. Mimi nilijifungia ndani, nikasikia kile kikohozi uani, halafu sauti ya binti yangu. Jioni hiyo sufuria ya ugali ilirudi tupu.

Zawadi zilitolewa miaka ya tisini, wajukuu wakiwa wanakimbia. Tukaketishwa tukitazamana. Nikaona mwanamume mwenye masikio makubwa, mgeni kabisa. Nikafumba macho, nikasema, "Hebu kohoa."

Akakohoa. Nikampa mkono.