Severini Alipokataa Kata ya Kwanza

Mume wangu Severini alikuwa mtu mzuri sana mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo alikuwa mali ya pombe. Msinicheke. Mimi Magdalena nilifunga naye ndoa kanisani, nikampenda, kwa hiyo haki ya kumsema ninayo.

Pombe aliianza kule Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, alikokwenda kung'oa visiki kama vijana wengine. Akarudi kwetu milimani, huku Kilwa ya bara, na blanketi moja na kiu. Blanketi lilichakaa upesi.

Kuacha, aliacha mara nyingi! Kila Padri alipotutembelea kutoka misheni, Severini ndiye wa kwanza kupiga magoti. "Padri, safari hii nimeacha kabisa. Nguvu ninazo." Wiki haijaisha, nguvu zenyewe zimelala kilabuni chini ya benchi, na mimi nakwenda kuzikokota. Siku moja Padri akachoka. Akamwambia, "Severini mwanangu, nguvu zako tumezisikia vya kutosha. Sasa mwambie Mungu usichokiweza."

Maneno hayo yalimwingia. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alikuwa anashika komeo na kusema, "Bwana, mimi sijiwezi. Nishike." Basi, hiyo tu, sala fupi kama ya mtu anayetumbukia kisimani. Tukamaliza kiangazi kizima hajalewa. Mimi nikawa natembea nyumbani kwa kunyata, nisije nikaiamsha ile kiu.

Sasa likaja suala la shamba. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya, na shamba letu jipya tulikuwa tumelifyeka na kulichoma, lakini jembe lilikuwa halijapita. Watoto wetu wadogo, vijana wa kijiji wako kwenye mkonge Lindi. Mvua ikitukuta hivyo, mwaka ule tungekula majani. Na kwetu siku zile, ukitaka mikono ya watu unapika pombe. Wanakuja na majembe yao, na kabla jembe moja halijagusa ardhi, mwenye shamba anakunywa kata ya kwanza mbele ya wote, waone hakutia sumu wala uchawi. Asipokunywa, hapati mtu.

"Tupike togwa," Severini akasema.

"Togwa!" nikamaka. "Watu wazima waje kupasua udongo kwa uji wa watoto? Wewe umeona wapi?"

"Na kata ya kwanza je, Magdalena?"

"Utalowesha midomo tu, hakuna atakayekuchungulia kooni."

Akatoka kwenda kunoa jembe. Nikapika mtungi mkubwa wa pombe ya mtama, na togwa nikatenga kidogo kwa ajili ya watoto.

Siku ya siku wakaja, wanaume na majembe begani, mzee Likwata mbele. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba huku macho yako kwenye mtungi. Nikachota kata, nikampa mume wangu. Akaipokea kwa mikono miwili. Loo, mikono ile! Ilikuwa inatetemeka hata povu likamwagikia miguuni. Harufu ilimfika, niliona pua yake ikiifuata.

"Anywe basi!" akapiga kelele Valentini, mtani wetu, Mngoni asiyejua kunyamaza. "Au anaogopa sumu ya mkewe?"

Watu wakacheka. Severini akaiweka kata chini.

"Ndugu zangu," akasema, "sumu hakuna. Ila mimi nikionja hii moja, leo silimi, kesho silimi, na keshokutwa mtanikuta njiani nimelala. Wenzangu mnaweza kunywa na kuacha. Mimi siwezi. Nisameheni."

Mwanamume mzima, mbele za watu! Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikainyakua ile kata nikainywa mimi, yote, mpaka machicha. "Haya, nimekufa?" nikawauliza.

Mzee Likwata akatikisa kichwa. "Mama, wewe siye mwenye shamba. Mke anaweza kupewa kinga ya sumu. Mwenyewe anywe, au tuage."

Severini hakunywa, na wao wakaaga. Wakateremka kilima wakisimuliana na kuangua vicheko, na Valentini akiigiza mikono inavyotetemeka. Mume wangu akachukua jembe lake, akaenda kuanza peke yake kwenye kona ya shamba. Mimi nikabaki na mtungi. Wacha wee, hasira niliyokuwa nayo! Nikaukumbatia ule mtungi, nikaupeleka kwenye migomba, nikaumwaga wote nikiitukana migomba, kana kwamba ndiyo iliyonioza kwa mume huyu.

Nilipofika shambani kumsaidia mwenzangu kulima, nikamwona jirani yetu Abdala anapanda kilima. Nyuma yake mkewe Mwanaima, shemeji zake, na ndugu zake wa msikitini, kila mmoja na jembe.

"Hodi shemeji," Abdala akaniita. "Hao wenzenu wamepita kwangu wanacheka kwamba bwana Severini amekataa pombe. Ni kweli?"

"Kweli tupu," nikamjibu kwa ukali. "Umekuja kucheka na wewe?"

"Nimekuja kulima. Togwa ipo?"

Nikabaki nimeduwaa. Nikamwuliza, mbona miaka yote tukialika watu hajawahi kutokea hata mara moja?

"Mlikuwa mnatualika kwenye pombe, shemeji. Sisi tungekuja kufanya nini? Mwanaima huwa ananiuliza, hivi jirani zetu hawatutaki?"

Nikakimbia kuleta togwa. Nikakamata jogoo, Abdala mwenyewe akachinja ili wote tule. Walilima wale watu! Mwanaima anaimba, wanaume wanaitikia, udongo unageuka. Jioni, Valentini naye akarudi, anajikunakuna kichwa, akachukua mstari wa mwisho bila kutania neno, na shamba likaisha.

Wageni walipoondoka nilikuwa na furaha ya kupasuka. Nikamwambia Severini, "Umeona Mungu alivyokusikia? Nilikuona kutwa nzima midomo inatikisika. Ulikuwa unaliombea shamba."

"Shamba?" akasema. "Shamba nililisahau tangu asubuhi." Akaingia ndani, akaangaza pale mtungi unapokaaga siku zote. "Magdalena, ule mtungi uko wapi?"

"Niliumwaga wote, asubuhi ile ile, kwa hasira."

Mume wangu akakaa chini sakafuni na udongo wake miguuni, akaanza kulia kama mtoto.

"Kutwa nzima nilikuwa namwomba Mungu nisiukute," akasema. "Maana nilikuwa nakuja kuunywa."