Sisimizi wa Njia ya Itebero

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Itebero, daktari mkuu wa kituo cha afya hakunisalimia. Alinipa chupa ya dawa ya bluu na mkojo wa mtu nisiyemjua.

“Tia matone munane, kisha upike,” alisema. “Ikibaki bluu, sukari hakuna. Ikifika rangi ya tofali, ule muntu iko mu hatari.”

Nikatia, nikapika, nikavunja kichupa. Nyuma yangu mtu akaangua kicheko. Alikuwa Mama Nyota, muoshaji wa vyombo vya labo, yaani maabara yetu, mama mnene wa utani mwingi. Alifagia vioo kabla sijaomba radhi, na tangu siku hiyo akaniita Mama Labo. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, na kila kichupa nilichoshika kilipitia kwanza mikononi mwake.

Ninyi vijana mna vidude vinavyosoma tone la damu kabla hujapiga chafya. Sisi tulikuwa na moto, macho na pua. Na sisimizi, msicheke. Mkojo wenye sukari huwaita, na baadhi ya wagonjwa walikuja kwetu kwa sababu waliwaona wamejaa chooni.

Insulini, ile dawa ya sindano inayoshusha sukari, ililetwa kutoka Goma kwa pikipiki. Tuliifukia chupa ndani ya chungu chenye mchanga wa majimaji ili joto lisiiharibu. Vita vilipofunga barabara, pikipiki ikaacha kuja. Mgonjwa aliyeishi kwa sindano tulimjua mmoja tu, Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza chumvi na vitenge pale kwetu.

Daktari alipokosa dawa, alitufundisha. Alisema sukari ikizidi kwa muda mrefu, chembe za mwili huliwa kama chuma kinavyoliwa na kutu, na macho, figo na miguu huharibika polepole. Wataalamu huiita hali hiyo mkazo wa oksidishaji. Alisema wapo wanaochunguza kama asidi amino, vipande vidogo vinavyojenga protini, vinaweza kupunguza kutu hiyo. Hata maharagwe yanavyo.

Mama Nyota aliacha kuosha. “Docta, muntu akikula maharagi kila siku, anaweza kuacha sindano?”

“Hapana, Mama. Inasaidia mwili, lakini haiwezi kukamata nafasi ya insulini.”

“Na kama sindano iko ya muntu moya tu?”

Mimi nilidhani Mama Nyota anamsemea Papa Kambale.

Mwaka ule Mama Nyota alikonda, lakini nani hakukonda? Alikunywa maji kutwa, hata nikamtania: “Mama Nyota, utamaliza muto!”

“Muto iko ya baba yako?” Akacheka, akajaza kikombe tena.

Asubuhi moja risasi zililia ng’ambo ya mto. Tuliacha sufuria motoni tukakimbilia porini, kila mtu na njia yake. Chupa ya mwisho ya insulini niliifunga shingoni, pamoja na sindano, kwa kitambaa chenye maji. Siku ya pili, sisi wachache tuliokutana porini tuliona Papa Kambale hakuwa nasi. Daktari alikuwa na majeruhi, nami nikaenda peke yangu kumtafuta.

Msitu ulikuwa kimya. Sikusikia ndege wala nyani, na niliogopa hata pumzi yangu. Kisha juu ya majani makavu nikaona sisimizi wamejazana mahali pamoja. Nikajua mtu mwenye sukari amekojoa hapo. Hatua chache mbele kulikuwa na doa lingine, na lingine tena, na pembeni yake maganda ya maharagwe yaliyopikwa. Madoa yalikuwa karibu karibu mno, kana kwamba aliyepita alikuwa anasimama kunisubiri.

Kwenye kijito nikasikia mtu anahema. Papa Kambale alikuwa ameegemea shina, na pumzi yake ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi, dalili kwamba sukari imeshamzidi. Nikamchoma sindano, nikakaa naye. Alipoweza kusema, nikamwambia sisimizi wake wameniongoza vizuri.

“Sisimizi gani, Mama Labo? Miye sikupita ile njia. Nilifwata mayi ya hii kijito.”

Ng’ambo ya kijito sisimizi waliendelea, doa baada ya doa, hadi gizani mwa miti. Nikaita, “Uko nani?” Hakuna aliyeitika. Chupani dawa ilikuwa bado imebaki, lakini Papa Kambale asingeweza kuachwa peke yake. Nikamshika bega, tukarudi.

Tulipohesabiana, aliyekosekana alikuwa Mama Nyota.

Daktari aliketi chini. “Tulimupima lini?” aliniuliza.

Hatukuwahi kumpima. Mama aliyeosha vichupa vya kijiji kizima hakuwahi kuwekewa chake. Nilirudi kijitoni na watu wanne, lakini mvua ilikuwa imeshaosha njia. Hatukumpata.

Papa Kambale aliishi. Mimi nilihamishiwa Kitshanga, na huko kila mwaka nilianza kwa kuwapima wafagiaji, wapishi na walinzi. Walinung’unika, sikuwasikiliza.

Sasa nimestaafu. Nikiona sisimizi wamekusanyika njiani, nasimama na kuita: “Mama Nyota, dawa ingali ku chupa.” Wajukuu wangu hucheka. Mimi husubiri kidogo, labda ataitika.