Miguu ya Nyuma ya Farasi

Dwight Haubrich, bosi wangu wa karakana ya kuchomelea, ana mdomo mchafu na mikono hodari. Hajawahi kuunga chuma kikaachia. Binti yake Corinne aliposema anataka uhandisi, Dwight alitamba mtaa mzima. Alipotaja chuo alichokichagua, baba yake alinuna wiki nzima.

Chuo chenyewe ni majengo sita kilimani, hapahapa Ohio. Miaka mitatu unasoma kila kitu, falsafa, mashairi, uchongaji, hesabu. Miwili ya mwisho ndipo unahamia chuo kikubwa cha uhandisi. Mwaka wa pili Corinne alilazimika kuchukua somo la tamthilia, akapewa nafasi yake mchezoni: miguu ya nyuma ya farasi, vazi moja wanaloingia watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Yaani nimekupeleka shule ukajifunze kuinama matakoni mwa mwenzio?" Dwight alimuuliza mbele yetu sote.

"Anaoga, baba."

"Usinichekeshe. Muhula ukiisha hujanionyesha kitu kimoja cha maana ulichopata huko, unarudi hapa kushika mashine."

Hakuwa akitania. Mashine ya kuchomelea ya Corinne alikuwa ameshaifuta vumbi.

Mwezi wa nne tukamaliza daraja jipya la kijijini. Lile la mbao lilikuwa limeoza. Hili sakafu yake ni wavu wa chuma, mwepesi, mvua inapita. Michoro ilitoka kwa wahandisi wa mjini, kazi ikawa ya Dwight, na alijisifu mpaka tukamchoka. Jumamosi asubuhi watu wakaja na kahawa na donati kulizindua. Wa kwanza kuvuka akawa Malinda Gingerich, jirani yetu Mwamishi, ambaye kwa dini yake haendeshi gari, anasafiri kwa mkokoteni wa kukokotwa na farasi. Farasi wake, Duke, akafika ukingoni akagoma.

Tukamvuta. Tukampa tofaa, akalila, akagoma. Dwight akamtukana matusi ambayo farasi wa Mwamishi hajawahi kuyasikia.

"Farasi wako mjinga, Bi Malinda!"

"Amevuka hapa miaka kumi na moja," Malinda akajibu polepole. "Yeye hajabadilika. Daraja ndilo limebadilika."

Watu wakaangua kicheko. Dwight aliiva kwa aibu mpaka masikio, na kusema kweli nilimwonea huruma. Nusu ya wanaopita pale ni Waamishi na farasi wao.

Corinne, aliyekuwa amekuja nyumbani mwisho wa wiki, akaweka donati yake chini. Akaenda katikati ya daraja, akainama vilevile anavyoinama jukwaani, viganja pembeni mwa macho. Akarudi.

"Anaogopa, baba. Maji yote yanaonekana chini."

"Wavu ule unabeba lori!"

"Nani kamwambia? Mimi ndani ya lile vazi naona chini tu, kwenye kitundu. Jukwaa letu lina wavu juu ya shimo wanamokaa wapiga muziki. Siku ya kwanza nilipoliona lile shimo nikasimama, mwenzangu wa mbele akaendelea. Farasi akapasuka vipande viwili."

Hata Malinda akacheka.

"Tulaze mbao upande mmoja," Corinne akasema, "tuache nafasi za maji." Akatoa mfukoni karatasi za mchezo, akapiga hesabu ya uzito wa mbao upande wa nyuma. Dwight akazinyakua, akasoma kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisoma chochote.

"Umesahau theluji."

Corinne akaongeza uzito wa theluji. Daraja bado lilimudu. Alasiri mbao zikawa zimefungwa, na Duke akavuka bila kubembelezwa, tena akanya katikati. Dwight akakusanya zana zake akaondoka, bila kutaja mashine wala chuo. Corinne akarudi shule hajui kama ataendelea, na mimi nilimkasirikia sana yule mzee.

Mchezo ulionyeshwa Jumapili moja mchana. Dwight, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa maigizo, alikuja na koti lake la mazishini, akakaa mstari wa mbele. Farasi akaingia, akaukanyaga wavu bila kusita. Dwight akasimama, akamwonyesha mama mmoja asiyemjua.

"Unaiona ile miguu ya nyuma? Mwanangu yule! Mhandisi!"

"Keti, mzee!" watu wakamzomea.

Hakuketi. Miguu ya nyuma ikaisikia sauti ile, ikasimama ghafla. Ya mbele ikaendelea kutembea.