Kumruka Mtoto Aliyelala

Mimi ni mfupi, lakini ulimi wangu mrefu, kwa hiyo siwezi kusema nimenyimwa vyote. Tatizo ni kwamba voliboli haichezwi kwa ulimi. Kocha wetu hapa Garissa, mtu aliyetoka “Kenya”, kama tunavyosema hapa kwa yeyote wa ng'ambo ya mto Tana, alichora mstari wa chaki ukutani. Asiyeugusa akiruka, hasafiri na timu kwenda Nairobi. Mimi vidole vilikuwa vinaishia chini yake kila siku, na nilitaka safari ile kuliko chakula.

Kocha alitufundisha kuruka viunzi: ukigusa chini, papo hapo juu tena, mguu usikae. Sasa kiunzi nyumbani ningekitoa wapi? Nilikuwa na mdogo wangu wa chekechea, ambaye kila mchana hulala barazani kama gunia la sukari. Nikamfanya kiunzi. Wiki nzima nilimruka, nikapumzika upande wa pili, nikamzunguka kwa miguu kuanza upya, na wala hakujua.

Siku moja ayeeyo, nyanya yangu, akamaliza kuswali, akatoka na kunikuta hewani. Wallahi nilitamani nisitue. Kwetu mtoto akirukwa amelala hakui tena, mpaka aliyemruka arudi kwa kuruka vilevile. Nilipoanza kumweleza habari za misuli, akasema misuli nimpelekee kocha. Yeye anadai urefu wa mjukuu wake. Basi kila nikivuka, narudi hapo hapo, bila kuvuta pumzi, naye kanikodolea macho. Ile wiki niliyomruka bila kurudi nayo nikairudisha. Mapaja yaliwaka moto, na nilimkasirikia bibi yule vibaya sana.

Siku ya kupimwa niliugusa mstari, nikaupita. Kocha hakuamini, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nililia pale uwanjani bila haya.

Lakini kwetu msichana hasafiri bila ruhusa ya ayeeyo. Nilimkuta amemsimamisha mdogo wangu mlangoni, anampima kwa shubiri. Mtoto alikuwa vilevile, hajaongezeka hata kidogo. Nikajua safari imekufa.

Ayeeyo akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, na hapo si mbali.

“Huyu ana miaka ya kukua,” akasema. “Wewe umeshamaliza. Nenda ukaruke.”